Kofia ya Mashine Isiuzwe kwa Jina la Mkono

  

Ndugu Waislamu, kila Idi inapokaribia, milango ya misikiti yetu hapa Unguja hujaa meza za kofia, kanzu na miswala. Ni biashara ya halali na yenye kheri. Lakini katika meza za kofia limeingia jambo ambalo haitufalii kulinyamazia.

Kofia ya viua, ambayo wengi huiita kofia ya vito, asili yake ni kazi ya mkono. Nakshi huchorwa juu ya kitambaa, matundu madogo madogo hutobolewa, kisha ukingo wa kila tundu huzungushiwa uzi kwa sindano, moja baada ya jengine. Kofia moja huchukua wiki kadhaa, na nyengine miezi. Wengi wa washonaji ni akina mama wa Unguja, Pemba na Lamu, wanaoshona majumbani mwao baada ya kumaliza shughuli za nyumba. Sifa ya kofia hii imevuka bahari, na ndugu zetu wa Oman huivaa kwa jina la kumma.

Leo kofia zilizotariziwa kwa mashine huletwa kutoka China na kwengineko kwa bei ndogo. Sharia haikukataza kuzileta wala kuzivaa, na asiye na uwezo hupata ya kuvaa siku ya Idi. Lililo haramu ni kuichanganya kofia hiyo na ile ya mkono, kumwambia mnunuzi kuwa ni kazi ya Unguja, na kumtoza bei ya kazi ya Unguja.

Mzazi mmoja wa madrasa yetu alitujia na kofia mbili alizozishona mwenyewe, akiomba tuzipokee badala ya ada ya mwanawe. Duka alilozoea kuliuzia lilimtaka ashushe bei ilingane na ya mashine. Tulipopita dukani hapo, tulizikuta za mashine zikiuzwa kwa jina la kazi ya mkono. Jasho la mama huyu na wenzake ndilo lililoipa kofia sifa, na sasa sifa hiyo hiyo inatumika kumkosesha riziki.

Huenda mfanyabiashara akasema: "Mimi sikusema uongo, nimenyamaza tu." Na tuikumbuke Hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alikataza kumwacha mnyama bila ya kukamwa ili kiwele kijae na mnunuzi adanganyike. Akampa mnunuzi hiari ya kumrejesha mnyama huyo pamoja na pishi moja ya tende. Muuzaji yule hakutamka neno. Kiwele ndicho kilichosema uongo. Wanazuoni wameliita jambo hili tadlisi.

Tena Muslim amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alitia mkono wake katika rundo la chakula sokoni, na vidole vyake vikakuta umaji. Alimuuliza mwenye chakula kwa nini hakukiweka juu kile kilichorowa ili watu wakione, na akajitenga na kila mwenye kughushi. Basi kijikaratasi kinachoeleza kofia imeshonwa wapi na kwa namna gani ndiko huko kukiweka juu kilichofichwa chini.

Dhulma hapa ni mbili: mnunuzi amelipia asichokipata, na fundi amenyang'anywa jina la kazi yake. Hata sheria ya nchi imeufungua mlango. Sheria Namba 4 ya mwaka 2008 ya Zanzibar, inayohusu mali za viwandani, inazitambua alama za kijiografia, yaani jina la mahali linapoitambulisha bidhaa yenye sifa itokanayo na mahali hapo. Lakini sheria haitoshi ikiwa hatumchi Allah (s.w.) katika mizani zetu.

Kwa hiyo tunanasihi mambo matatu. Wafanyabiashara wazitenge kofia na kuziandika wazi: "Imeshonwa kwa mkono, Unguja" au "Ya mashine, imetoka nje". Kamati za misikiti zifanye jambo hilo kuwa sharti kwa kila anayepewa nafasi ya meza mlangoni. Na sisi wanunuzi tuulize kabla ya kulipa, wala tusidai kazi ya miezi kwa bei ya mashine, kwani ubakhili wetu nao humfundisha muuzaji kughushi.

Ni aibu iliyoje kusimama mbele ya Mola wetu kichwani tukiwa na kofia iliyouzwa kwa uongo mlangoni mwa nyumba Yake! Tunamuomba Allah (s.w.) azibariki riziki za wenye kula kwa kazi ya mikono yao, kama alivyokuwa Nabii Daudi (a.s.), na atujaalie kuwa miongoni mwa wakweli. Amin.