Akili ya Mtoto Nayo Ina Njaa

Tunapowapeleka watoto kliniki hufurahi tukiona mstari wa uzito unapanda kwenye kadi. Lakini ni wangapi kati yetu hujiuliza kama akili ya mtoto nayo imepata chakula chake?

Wengi wetu husema, "Kusoma ni kazi ya mwalimu, asubiri darasa la kwanza." Hapo tunakosea. Ubongo hukua kwa kasi kubwa katika miaka 3 ya mwanzo, na chakula chake ni maneno, nyimbo na michezo.

Tusisingizie kukosa fedha za vitabu. Bibi zetu walitutegea vitendawili kando ya moto. Mama anayechambua maharage aweza kuhesabu kwa sauti. Baba asiyejua kusoma aweza kumpakata mtoto, wakatazama pamoja picha za kalenda ya parokia, akamwuliza, "Huyu ni nani?" Kisha amngoje ajibu. Simu haiwezi kufanya kazi hiyo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya simu wala televisheni.

Mtoto wa miaka 2 asiyeunganisha hata maneno mawili apelekwe kliniki, apimwe masikio. Tusingoje.

Miembe ya njia ya misafara, kutoka Tabora hadi Ujiji, ilipandwa na watu wa zamani. Matunda tumekula sisi. Basi nasi tupande: dakika 10 tu kila jioni, kabla mtoto hajalala.