Meno ya Mtoto Yachunguzwe Shuleni, Yasigeuzwe Mradi

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Usemi huo ni wa hekima, lakini hakuna hekima ambayo mchuuzi hodari hawezi kuitia bei. Mzazi wa mjini mwenye mshahara wa kila mwezi, akimpeleka mwanawe wa miaka 7 au 8 kwa mtaalamu wa kupanga meno, anaweza kuelezwa kwamba mtoto afungwe waya sasa, zitolewe baada ya mwaka au zaidi, kisha afungwe tena atakapofikia miaka 12. Hiyo ndiyo tiba ya awamu mbili. Mzazi hulipa mara mbili, naye huondoka na hofu kwamba akikawia atakuwa amemharibu mtoto wake.

Tiba hiyo si uongo. Wapo watoto wanaoihitaji kweli. Yupo ambaye taya la juu ni jembamba mno, hata magego ya juu huangukia ndani ya yale ya chini badala ya kuyafunika. Kwa kuwa mfupa wa kaakaa la mtoto haujashikana sawasawa, taya hilo hupanuliwa kwa urahisi akiwa mdogo kuliko akiwa mtu mzima. Yupo ambaye taya la juu limebaki nyuma ya lile la chini. Yupo pia ambaye meno ya mbele yamejitokeza mno, hata akijikwaa uwanjani huvunjika. Hao wasaidiwe mapema. Uongo ni kuifanya dawa ya wachache kuwa sheria ya wote.

Mwaka 2018 taasisi ya Cochrane, ambayo kazi yake ni kukusanya na kupima ushahidi wa tiba, ilitoa mapitio ya majaribio 27 juu ya watoto ambao meno yao ya juu yamejitokeza mbele. Ilionekana kwamba waliotibiwa kwa awamu mbili, kuanzia miaka 7 hadi 11, walipungukiwa na ajali za kuvunjika meno ya mbele. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini mwisho wa safari, katika mpangilio wa meno na mwelekeo wa mataya, hawakuonekana kuwazidi wenzao waliosubiri na kutibiwa mara moja tu katika umri wa kubalehe.

Chama cha wataalamu wa kupanga meno cha Marekani chenyewe hushauri kwamba mtoto achunguzwe kabla hajapita miaka 7. Kuchunguzwa! Hakikusema kila mtoto afungwe waya. Anayeligeuza neno la kwanza kuwa la pili anachuma kutokana na mapenzi ya mzazi kwa mwanawe, na uchumaji wa namna hiyo una jina lake la siku nyingi: unyonyaji.

Wakati waya zikigeuka pambo la heshima mjini, mtoto wa mkulima hana hata wa kumtazama kinywani. Huko hutawala fikra potofu kwamba jino la utoto halina kazi kwa kuwa litang'oka tu. Kumbe jino hilo ni mlinzi wa nafasi. Gego la utoto likioza na kung'olewa kabla ya wakati wake, gego la ukubwani lililo nyuma yake husogea mbele, na jino lililokuwa likingojea zamu hukosa pa kuotea. Hivyo ndivyo meno mengi yanavyobanana na kupandana.

Baya zaidi ni balaa la "meno ya plastiki", ambalo madaktari wa meno nchini wamekuwa wakilieleza tangu miaka ya 1980. Mtoto mchanga anapata homa na kuhara. Uvimbe wa chonge lisilojaota huhesabiwa kuwa ndio ugonjwa. Fizi huchimbuliwa kwa vifaa visivyo safi. Chonge la ukubwani huweza kuharibiwa kabla halijaota, na wapo watoto ambao wamepoteza maisha. Hapa maadui watatu waliotangazwa vita tangu Uhuru, yaani ujinga, maradhi na umaskini, wamekaa katika kinywa kimoja.

Mahali pa kuwakabili ni shuleni. Magego ya kwanza ya ukubwani huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, umri ule ule wa kuingia Darasa la Kwanza. Mwalimu hahitaji kuwa daktari ili aone mtoto anayenyonya kidole gumba hata baada ya kuota meno mapya ya mbele, gego lililotoboka, au meno ya juu yanayofungia nyuma ya yale ya chini. Akishaona, aandike jina na kumwita mzazi. Mtaalamu wa meno wa wilaya naye afike shuleni walau mara moja kwa mwaka, apime Darasa la Kwanza lote, atenganishe wanaohitaji kinga, wanaohitaji tiba sasa, na wanaopaswa kungojea.

Watasema walimu wana mzigo tayari, na wataalamu hawatoshi. Ni kweli hawatoshi. Lakini uchache wa wataalamu ndiyo sababu ya kupanga kazi yao, wala si sababu ya kuwaachia wenye fedha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Neno "wote" halina maana iwapo mtoto wa kijijini hukutana na mtaalamu wa meno siku ya kung'olewa tu.

Swali hili linawahusu watumishi wa umma kwa namna ya pekee. Afisa anayelipia waya za mwanawe mara mbili ndiye huyo huyo anayeketi katika kikao cha bajeti ya halmashauri. Siku safari ya mtaalamu wa meno kwenda shuleni itakapotaka kufutwa kwa kisingizio cha mafuta ya gari, afisa huyo ainue mkono kuitetea. Asipofanya hivyo, atakuwa ameamua kwamba samaki wa kukunjwa angali mbichi ni wake peke yake.