Namba ya Sita

Wasomaji wenzangu, muhula uliopita darasa letu lilipewa kazi ya kupima mwendo wa jiwe lililoning'inizwa kwa uzi, mara sita. Mimi na mwenzangu tulipima mara tano. Majibu yalifuatana vizuri sana, na kengele ya chakula ilikuwa karibu kulia, basi ya sita tukaiandika tu bila kupima. Tulipata alama zote.

Tangu siku ile namba moja hainitoki kichwani: 4,294,967,297.

Chukua 2. Izidishe kwa yenyewe upate 4. Nayo 4 kwa yenyewe, 16. Kisha 256, kisha 65,536, na kuendelea. Kila moja iongeze 1. Utapata 3, 5, 17, 257, 65,537, na ya sita ndiyo hiyo niliyoitaja. Tano za kwanza zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, Mfaransa mwanasheria wa Toulouse, aliamini kwamba zote zinazofuata ni tasa vilevile. Lakini aliandika wazi kwamba hajapata uthibitisho. Hapo alituzidi sisi wawili.

Mwaka 1732 Euler alionyesha kuwa ya sita si tasa: ni 641 mara 6,700,417.

Wapo wenzetu wasemao, "Basi, imekwisha julikana, ya nini kumaliza mshumaa?" Mimi niliumaliza. Euler aligundua kwamba namba tasa yoyote iigawayo hiyo, ukiipunguza 1, lazima igawanyike kwa 64. Kwa hiyo za kujaribu ni chache: 193, 257, 449, 577, kisha 641. Usiku wa kwanza 641 iliacha baki. Nililala na kiburi, nikidhani nimemkamata Euler! Asubuhi nikaona kwamba 7 mara 641 niliandika 4,478 badala ya 4,487.

Kosa hilo nililipata kwa sababu kazi yote ilikuwa kwenye karatasi. Ndiyo maana naona walimu wetu wasitoe alama yoyote kwa jibu tupu, hata likiwa sahihi, na karatasi ya mtu aliyepima kweli akapata jibu baya ipewe alama zake. Najua wenzangu wa darasa la mtihani hawatanipenda kwa neno hili. Nanyi wanafunzi wa zamani, mlio makazini sasa, tuandikieni: je, huko hamna namba za sita zilizojazwa tu?

Juma lililopita niliomba ufunguo wa chumba cha sayansi, nikapima mara ya sita. Haikulingana na ile tuliyoiandika. Mwenzangu asema tofauti ni ndogo. Ni ndogo kweli.