Kabla ya kumlaumu mpulizaji, tuutazame mdomo wa ala

Mwaka juzi mpwa wangu, mwanafunzi katika shule moja ya sekondari huku kwetu Kilifi, aliondolewa katika bendi ya shule majuma matatu kabla ya mashindano ya muziki. Sababu aliyopewa ni kwamba hana sikio. Kila apulizapo saksafoni, aliambiwa, noti zake za juu hupanda kupita za wenzake, na wimbo mzima ukaharibika. Kijana alinijia akiwa amenywea. Nami, badala ya kumtetea, niliafiki uamuzi huo. Nilimwambia kwamba muziki si wa kila mtu, ni heri arudi kwenye vitabu vyake.

Naandika makala haya kwa sababu nilikosea. Tena nina hofu kwamba kosa langu ndilo kosa tunalolitenda walimu wengi, wa muziki na wa masomo mengine, pasi na kujua.

Saksafoni aliyokuwa akiipuliza ilikuwa ya marehemu baba yangu. Ni ya sauti ya alto, iliyotengenezwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Baba aliinunua katika miaka ya 1960 kutoka kwa mwanamuziki aliyekuwa akihama Malindi, na kwa miaka mingi aliipuliza usiku katika mahoteli ya Malindi na Watamu. Hizo zilikuwa enzi ambapo hoteli ya pwani isiyokuwa na bendi haikuhesabiwa kuwa hoteli. Wasomaji wa rika langu wataikumbuka bendi ya Them Mushrooms, iliyoundwa mwaka wa 1972 na ndugu waliotoka Kaloleni, na ambayo wimbo wake wa "Jambo Bwana" ulienea duniani kote kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baba hakufikia umaarufu huo. Lakini alipofariki tulirithi sanduku la mbao, na ndani yake ala iliyokwisha kupauka kwa hewa ya chumvi, na mdomo wake umepasuka.

Kijana alipoomba kuitumia, nilitoa fedha, tukaagiza mdomo mpya kutoka Nairobi. Ulikuwa wa kung'ara, wa aina inayopendwa na vijana wa leo kwa ukali wa sauti yake. Tuliuchomeka shingoni mwa ala, ukaingia. Kwa kuwa uliingia, tukasema unafaa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna aliyelitambua hilo: si mimi, wala si mwalimu wake, wala si yeye mwenyewe.

Wanamuziki wa dansi nchini Tanzania wana jina lao la saksafoni: huiita domo la bata. Mimi ni mtu wa isimu, na jina hili hunifurahisha kwa sababu halikutungwa na kamati. Limetoka vinywani mwa watu walioitazama ala wakaona jambo lililo muhimu. Wafaransa nao, ambao kwao ndiko saksafoni ilikosajiliwa mwaka wa 1846 na Mbelgiji Adolphe Sax, huiita sehemu ile ya kupulizia "bec", yaani mdomo wa ndege. Watu wawili wasiojuana, kwa lugha mbili zisizo na udugu, walisimama mahali pamoja: penye mdomo. Laiti ningalilifikiria hilo mapema!

Nieleze sasa kwa nini mdomo ni jambo kubwa. Bomba la saksafoni lina umbo la koni, jembamba juu na pana chini. Lakini koni hiyo haikukamilika. Ncha yake imekatwa, maana pasipokatwa hapana mahali pa kupulizia. Mdomo ndio unaokaa badala ya ncha iliyokatwa, na ili noti zikae mahali pake, nafasi iliyomo ndani ya mdomo yapasa kulingana na nafasi ya ile ncha isiyokuwapo. Ikiwa ndogo kupita kiasi, umbali kati ya noti ya chini na mwenzake wa juu hupanuka. Mpulizaji akiirekebisha ya chini, ya juu hupanda. Akiirekebisha ya juu, ya chini huzama. Atauvuta mdomo nje, atausukuma ndani, atakaza midomo yake mpaka iume, na bado hatapata raha.

Basi, midomo ya zamani na ya sasa haifanani kwa ndani. Midomo aliyoitengeneza Sax mwenyewe ilikuwa na chumba kikubwa cha mviringo, na watengenezaji wengi waliifuata njia hiyo kwa miongo kadhaa. Baadaye, bendi zilipokua na wapulizaji wakataka kusikika juu ya kelele za ukumbi, na hasa magitaa ya umeme yalipoingia, ilipendwa midomo yenye chumba chembamba na dari iliyoshuka karibu na kilimi, ili pumzi ipite kwa kasi na sauti iwe kali. Midomo hiyo si mibaya. Imetengenezewa ala za wakati wake. Lakini ukiuchukua mdomo wa aina hiyo ukauvisha ala ya miaka ya 1920 au 1930, ni rahisi sana kuiozesha isiyopendana naye. Kwa nje mdomo utaingia vizuri, kumbe ugomvi uko ndani, mahali jicho lisipofika.

Mambo haya nilielezwa na mzee mmoja wa Mombasa, rafiki wa baba tangu enzi za bendi za hoteli. Nilimpelekea ala ile nikitaka kuiuza, na kijana alinisindikiza. Mzee aliipuliza mara mbili, akatikisa kichwa, kisha akauchomoa mdomo wetu wa kung'ara na kuuweka mezani bila ya kusema neno. Akafungua kopo la maziwa ya unga, akatoa mdomo mweusi wa ebonaiti, mkuukuu, ambao ndani yake palikuwa papana hata kidole kingeweza kuingia. Akampa kijana. Kijana akapuliza noti ya chini, kisha akabonyeza kitufe cha oktavu. Noti mbili zikakutana kama maji na maji. Alirudia mara tatu nne, kana kwamba haamini. Kisha akanigeukia na kuniambia, "Kumbe si mimi, mjomba."

Maneno hayo manne yamenikosesha usingizi kuliko mtihani wowote niliowahi kuufanya. Kwa muda wa muhula mzima kijana huyu aliamini kwamba kasoro iko ndani ya masikio yake, na aliyemthibitishia hivyo ni mjomba wake mwenye shahada ya uzamifu. Bendi ya shule ilikuwa imekwisha kumpata mpulizaji mwingine, na mashindano yalikuwa yamekwisha kupita.

Hata hivyo, hatukuhitaji kwenda mbali kujifunza hekima hii. Iko hapa hapa pwani. Nzumari, inayochezewa chakacha na ngoma nyingi za Wamijikenda, ni ala ya kilimi, na kilimi chake hutengenezwa na mpulizaji mwenyewe kwa jani kavu la jamii ya minazi. Utotoni niliwahi kumtazama mpiga nzumari mmoja akijitayarisha kwa ngoma ya usiku. Alikuwa na vilimi kadhaa alivyovifunga kwenye kitambaa. Alikijaribu kimoja, akakipunguza kidogo kwa kisu, akakilowesha kwa mate, akakijaribu tena, akakitupa, akachukua kingine. Sisi watoto tulichoka kungoja. Hakuanza mpaka kilimi na bomba viliposikilizana. Mzee yule hakusoma koni wala oktavu, lakini alijua kwamba bomba halina sauti mpaka lipatiwe kilimi chake, na kwamba kilimi cha bomba hili si lazima kilifae bomba lile. Tumeurithi mchezo wa saksafoni kupitia bendi za askari na ngoma za beni zilizochipuka katika miji ya pwani tangu miaka ya 1890, lakini subira ya mpiga nzumari tumeiacha nyuma.

Msomaji atauliza mwanaisimu ana lipi la kusema katika haya. Ninalo. Mwaka wa 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, na Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Sina ugomvi na uamuzi huo. Makala haya nayaandika kwa Kiswahili hicho hicho. Lakini mtoto wa Mvita aandikapo "mato" badala ya "macho", au mtoto wa Ganze aliyelelewa kwa Kigiriama anapokwama katika matamshi ya kitabu, ni mara ngapi tumeandika kwa wino mwekundu kwamba hajui lugha? Lugha anayo, tena ya kale na yenye mizizi. Kilichokosekana ni kuunganisha bomba alilokuja nalo kutoka nyumbani na mdomo tuliompa shuleni. Kazi ya kuunganisha ni ya mwalimu. Tukiikwepa na kumhukumu mtoto, tunafanya nililomfanyia mpwa wangu.

Najua wako watakaonipinga. Watasema kwamba mpulizaji hodari hupuliza ala yoyote, na kwamba nawafundisha vijana kutafuta visingizio badala ya mazoezi. Ni kweli kwamba bingwa anaweza kuitiisha ala isiyolingana, kwa kuwa koo lake na midomo yake imezoea kusahihisha mambo kwa miaka mingi. Lakini mwanafunzi wa kidato cha pili si bingwa. Yeye yuko katika kulizoeza sikio lake, na ukimpa ala inayosema uwongo, atajifunza uwongo huo au ataacha kuliamini sikio lake. Kwa kweli mpwa wangu alikuwa akisikia vizuri: alijua kwamba noti zimekosana, akajitahidi mpaka midomo ikavimba. Asiye na sikio hasumbuki hivyo.

Watasema pia kwamba shule hazina fedha. Hili ni la kweli zaidi, na ndiyo sababu nasema tuanze na yasiyohitaji fedha. Kwanza, mwalimu ahakikishe kwamba ala haivuji. Hewa ya bahari ni adui wa ngozi zinazoziba matundu. Ingiza taa ndogo ndani ya bomba mahali penye giza, na palipo na upenyo mwanga utapaonyesha. Ala inayovuja haitasaidiwa na mdomo wowote. Pili, asome alama zilizopigwa kwenye shaba. Ala nyingine za kale, hasa za Kiingereza za kabla ya miaka ya 1930, zilitengenezwa kwa kiwango cha juu cha sauti, ambapo noti ya La ilikaribia mitetemo 452 kwa sekunde, ilhali leo tunatumia 440. Pengine utaona herufi HP, na kwa zile za kiwango cha chini, LP. Ala ya kiwango cha juu haiwezi kucheza na wenzake wa leo hata ukiibadilishia midomo kumi, kwa kuwa matundu yenyewe yametobolewa kwa vipimo vingine. Itunzwe kwa heshima, asipewe mtoto. Tatu, alinganishe noti ya chini na mwenzake wa juu kabla ya kulinganisha mtoto na mtoto. Nne, zikikosana, aazime mdomo mwingine, mpana kwa ndani, kabla ya kununua. Wapulizaji wastaafu wangaliko Malindi na Mombasa, na makopo yao ya maziwa yana hazina ambayo maduka hayana.

Mambo haya manne huchukua alasiri moja. Tangu mwaka wa 1927 tumekuwa na Tamasha la Muziki la Kenya, na tangu Januari mwaka wa 2026 shule za sekondari ya juu zina njia ya sanaa na sayansi ya michezo ambayo mwanafunzi anaweza kuichagua na kujengea maisha yake. Yaani uamuzi wa mwalimu kwamba fulani hana sikio hauishii tena kwenye bendi ya Ijumaa jioni. Waweza kumfungia kijana mlango wa riziki. Uamuzi mzito namna hiyo haustahili kutolewa kabla ya alasiri moja ya uchunguzi.

Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Kwa hiyo, walimu wenzangu, shime: kabla hatujamwambia mtoto kwamba hawezi kuruka, tuhakikishe ubawa tuliompa ni wake. Nanyi wanafunzi, mkiambiwa hamna kipaji, msikubali upesi wala msikasirike upesi. Ombeni ala ichunguzwe nanyi mkiwapo.

Mpwa wangu ameirudia saksafoni ya babu yake. Hupuliza jioni, peke yake, nyuma ya nyumba yetu ya Malindi, kwa mdomo wa kuazima ambao mzee wa Mombasa amekataa katakata kuurudishiwa. Bado hajawa hodari, na mimi sijui kama atakuwa. Lakini akikosea sasa, kosa ni lake mwenyewe, na kosa la namna hiyo mtu anaweza kulisahihisha.