Karatasi ya rufaa haimfikishi mama hospitali

Kama una mimba, au mkeo ana mimba, itazame kadi ya kliniki. Kwa miaka mingi kadi hizi zimebeba orodha ya mambo yanayomfanya mhudumu amwandikie mama rufaa ya kwenda kujifungulia hospitali: umri mdogo, mimba nyingi, kimo kifupi, kuwahi kujifungua kwa upasuaji. Akina mama wengi wametoka kliniki na karatasi hiyo mkononi. Waliofika hospitali ni wangapi?

Mmoja wa waliokwenda kulihesabu jambo hili ni Profesa Andrea Pembe, daktari bingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambaye baadaye alikuwa Makamu Mkuu wa chuo hicho. Utafiti wa shahada yake ya uzamivu, aliyoipata Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, mwaka 2010, aliufanyia vijijini Rufiji.

Najua wapo wanaosema daktari bingwa wa kweli ni yule wa wodini, na anayezunguka vijijini na madodoso anatafuta cheo. Sikubaliani nao. Sisi wa wodini tunamwona mama aliyefika. Asiyefika hatumwoni, na mara nyingi hatujui hata kama aliandikiwa aje. Huyo ndiye Pembe na wenzake waliyemfuata.

Walifuatilia rufaa zaidi ya 1,500. Kama 70 kati ya kila 100 ziliandikwa kwa sababu za umri au wingi wa mimba. Zilizotokana na matatizo wakati wa kujifungua au mara tu baada ya hapo hazikufika 6 kati ya 100. Na katika lile kundi kubwa la umri na wingi wa mimba, waliokwenda hospitali walikuwa 37 kwa kila 100. Kati ya ambao hawakwenda, karibu nusu walisema hawakuwa na fedha.

Mimi naielewa hivi. Mama wa mimba ya sita, mzima, hana hata maumivu, anaambiwa "nenda hospitali" kwa maneno yale yale anayoambiwa anayetokwa na damu. Watano wa kwanza aliwazaa salama. Auze mbuzi kwa ajili hiyo? Akibaki nyumbani tunamwita mkaidi, kumbe amepiga hesabu tu, na hakuna aliyemweleza kwa nini hesabu yake ina kasoro.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Damu nyingi baada ya kujifungua humpata pia binti wa miaka 25, mimba ya pili, ambaye kadi yake haina alama hata moja. Akivuja vibaya bila tiba anaweza kufa ndani ya saa mbili.

Zipime saa mbili hizo ukiwa Mkiwa. Mpo njia panda, pale barabara ya Itigi na Makongolosi inapochepuka kutoka ile ya Dodoma kwenda Singida. Magari yanapita, ndiyo, lakini lori la mizigo si gari la wagonjwa, na mama aliye kitongoji cha ndani lazima kwanza afikishwe barabarani. Ndiyo maana nawaomba akina baba muihifadhi namba 115 kwenye simu leo, si siku ya uchungu. Ni ya mfumo wa m-mama, kupiga ni bure, na pasipo gari la wagonjwa karibu hutafutwa dereva aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo, si na familia.

Lakini nani atapiga simu kama hajui kwamba kuna hatari? Katika utafiti mwingine wa Rufiji, uliochapishwa mwaka 2009, Pembe na wenzake waliwauliza wanawake 1,118. Zaidi ya 98 kwa kila 100 walikuwa wamehudhuria kliniki angalau mara moja. Walioweza kutaja japo dalili moja ya hatari wakati wa ujauzito walikuwa 26 kwa 100. Wakati wa kujifungua, 23. Baada ya kujifungua, 40. Hapo nawalaumu wenzangu kabla ya akina mama. Tunapima uzito, tunapima presha, tunachoma sindano, foleni ni ndefu, "rudi mwezi ujao."

Basi zijue: kutokwa na damu ukeni, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, maji kutoka kabla ya wakati, mtoto kupunguza au kuacha kucheza. Baada ya kujifungua, damu inayolowesha pedi au kitambaa ndani ya dakika chache ni dharura, hata kama mama bado anaongea na kutabasamu.

Takwimu za taifa zinatia moyo: vifo vya akina mama vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Hao 104 nao wana majina.

Ukiandikiwa rufaa, usiikunje ukaondoka. Muulize mhudumu: ni ya kwenda leo hii, au ya kujiandaa kujifungulia hospitali? Niende hospitali ipi? Nikianza kuvuja damu usiku, hapa zahanati mtanipa dawa gani wakati tunasubiri gari? Akichoka kujibu, muulize tena.