Gari lilipoondoka
Kijana wa kujitolea kutoka ng'ambo alisimama mbele ya kina mama wa kijiji kimoja Makete, mkoani Njombe, mkononi kondomu na gunzi la mahindi. Alifundisha vizuri, ila mkalimani, akiona haya mbele ya mama mkwe wake, kila penye ngono alisema "mambo yale". Namheshimu sana mgeni huyo. Njombe, mkoa ambao utafiti wa 2022/2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wana VVU, unahitaji kila msaada. Lakini namsihi akae, ajifunze Kiswahili, aongozane na mhudumu wa afya nyumba kwa nyumba. Mama mmoja alisubiri wenzake watawanyike ndipo akauliza: nikimeza ARV kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo, nitamwambukiza mume wangu? Hapana, mama, hutamwambukiza kwa ngono. Gari la mgeni lilikuwa limeshaondoka.