Mashine Haijitunzi

Ndugu zangu, afya ni amana ya Mwenyezi Mungu, na chombo cha kuilinda nacho ni amana. Sasa mbona tukisikia habari za maroboti yanayopasua wagonjwa tunashangilia kama watoto walioona gwaride, ilhali mashine tulizonazo tunaziua kwa mikono yetu wenyewe?

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Tarehe 7 Septemba 2001, daktari Jacques Marescaux alikaa New York akaongoza mikono ya roboti iliyokuwa Strasbourg, Ufaransa, akamtoa mgonjwa mfuko wa nyongo. Dunia ilimsifu daktari, naye alistahili. Lakini nani aliwakumbuka mafundi walioilinda njia ya mawasiliano isikatike? Nani aliwataja madaktari waliosimama kando ya kitanda, tayari kushika kisu mtambo ukigoma? Hata roboti ya da Vinci, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2000, vyombo vyake vingi vya kupasulia vina hesabu: kikishatumika mara zilizopangwa, hutolewa kikawekwa kipya. Anayeinunua bila fungu la vipuri amenunua pambo.

Kwetu je? Majuzi nilimsindikiza binti yangu mjamzito kwenye hospitali moja. Mashine ya ultrasaundi ilikuwapo, imefunikwa kitenge, vumbi juu yake, na karatasi imebandikwa: “MBOVU, USIGUSE.” Nilipouliza, muuguzi alinijibu kwa upole, “Baba, ni waya tu umekatika. Barua tumeandika tangu mwaka jana.” Kisha akachukua kile kitarumbeta cha mbao, akainama, akatega sikio tumboni, akahesabu mapigo ya moyo wa mjukuu wangu. Waya, jamani! Siku ya kuizindua utepe ulikatwa, pilau ikaliwa, picha zikapigwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

    

Kutunza kunawezekana. Majirani zetu Rwanda, tangu mwaka 2016, wanapelekewa damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani. Ndege hizo haziruki kwa dua peke yake. Kuna kijana anayezikagua kabla hazijapaa. Nasi vijana wa namna hiyo tunao, werevu, wenye mikono ya dhahabu. Mafundi wa vifaa tiba, ninyi ni waganga wa waganga. Someni, msijidharau.

Nanyi mnaoshika mafungu ya hospitali, wapeni mafundi hao vipuri na kazi, na kila mashine iwe na daftari lake la matengenezo, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Roboti tutaipokea kwa mikono miwili. Lakini kabla hamjaiomba, nunueni ule waya.